Maswali ya Wasomaji: Barafu Mbele ya Nyumba, Jukumu ni la Nani?

Tangu theluji ya kwanza ya msimu huu ianguke, barua nyingi zilizotufikia kutoka kwa wasomaji wetu wanaoishi katika jimbo la Ontario, nchini Kanada, zimeuliza jambo moja kwa namna mbalimbali: ni nani anayewajibika kuondoa theluji na barafu kwenye njia za waenda kwa miguu, na mtu akiteleza na kuumia, ni nani anayebeba gharama? Tumechagua barua tano. Majibu yetu yanahusu Ontario peke yake. Msomaji wa Alberta, Quebec au Minnesota asiyachukue kama yalivyo, kwa kuwa kila jimbo, na mara nyingi kila mji, lina kanuni zake.

Swali: Ndugu Mhariri, salamu. Mimi na mume wangu na watoto wetu tumepanga orofa ya chini ya ardhi katika nyumba moja ya Scarborough. Mwenye nyumba anaishi juu. Mkataba wetu wa pango una kifungu kinachosema kwamba mpangaji ndiye atakayeondoa theluji kwenye kijia cha pembeni na kwenye ngazi za kuingilia. Mume wangu anafanya kazi zamu ya usiku, nami ni mjamzito wa miezi saba. Juzi mwenye nyumba alituandikia kwamba mtu yeyote akianguka pale tutalipa sisi. Je, ni kweli? – Mpangaji, Scarborough

Dada, pole kwa wasiwasi huo ulioletewa katika hali uliyo nayo. Kwa maelezo uliyotupa, kifungu hicho hakimwondolei mwenye nyumba wajibu wake. Sheria ya Upangaji wa Makazi ya Ontario ya mwaka 2006 inamtaka mwenye nyumba alitunze jengo na kufuata viwango vya afya, usalama na matunzo. Kanuni ya 517/06, iliyotungwa chini ya sheria hiyo, inataka maeneo ya nje yanayotumiwa kwa pamoja yawe salama, na inataja waziwazi kwamba malundo hatari ya theluji na barafu yaondolewe. Miji mingi ina sheria ndogo zake za viwango vya majengo zenye matakwa ya namna hiyohiyo. Zaidi ya hayo, kifungu cha 4 cha sheria ya mwaka 2006 kinabatilisha sharti lolote la mkataba wa pango linalokwenda kinyume na sheria, hata kama mpangaji alilisoma, akalielewa na kulitia sahihi.

Jambo hili lilifika mbele ya Mahakama ya Rufani ya Ontario mwaka 2009, katika shauri linalofanana sana na hali yako. Mpangaji wa orofa ya chini ya ardhi aliteleza kwenye barafu katika kijia cha kuelekea mlangoni kwake, akamdai mwenye nyumba fidia, naye mwenye nyumba akajitetea kwa kifungu cha mkataba kilichomtwisha mpangaji kazi ya kuondoa theluji. Mahakama ilikataa utetezi huo. Ilieleza kwamba mwenye nyumba anaweza kumwajiri mpangaji afanye kazi hiyo, lakini lazima yawe makubaliano yanayoweza kusimama peke yake mbali na pango, yaani yaeleze kazi yenyewe ni ipi na mfanyaji analipwa nini. Na hata makubaliano hayo yakiwapo, wajibu wa kisheria wa kuhakikisha kwamba kijia ni salama unabaki kwa mwenye nyumba.

Tunakushauri umjibu mwenye nyumba kwa maandishi, kwa lugha ya heshima, ukimweleza kwamba hamtaweza kuifanya kazi hiyo na kwamba unamwomba aitimize yeye au amtafute mtu. Piga picha za kijia kila kinapoganda, na uhifadhi ujumbe wake wote. Asipotekeleza, unaweza kupiga simu 311, ambayo ni namba ya huduma za Jiji la Toronto, ambalo Scarborough ni sehemu yake, ukaomba mkaguzi. Na unaweza pia kufungua shauri la matunzo kwa fomu T6 kwenye Baraza la Wenye Nyumba na Wapangaji, ndani ya mwaka mmoja tangu tatizo lilipotokea. Kama mume wako yuko tayari kuifanya kazi hiyo kwa malipo au kwa punguzo la kodi, liandikwe karatasi tofauti: ni sehemu ipi, saa ngapi, kwa kiasi gani, na chumvi atanunua nani.

Kuna mambo mawili yanayoweza kubadilisha jibu hili. La kwanza ni kwamba sheria hiyo haimlindi mtu ambaye kwa mujibu wa mpango wa nyumba analazimika kutumia jiko au bafu moja na mwenye nyumba au jamaa zake wa karibu, nasi tunajua kwamba wengi wa ndugu zetu wanaofika kwa mara ya kwanza huanza maisha katika vyumba vya namna hiyo. La pili ni kwamba kanuni inazungumzia maeneo ya pamoja, kwa hiyo familia iliyopanga nyumba nzima na uwanja wake wote haiko katika nafasi sawa na yako. Watu wa makundi hayo mawili wapeleke mikataba yao kwenye kituo cha msaada wa kisheria cha mtaa wao kabla ya kukataa kazi. Wewe, dada, kama una mlango wako wa peke yako na kijia mnakitumia nyote, umesimama mahali pazuri.

Swali: Mhariri, wiki tatu zilizopita niliteleza kwenye barafu nje ya jengo la maduka hapa Mississauga nikavunjika kifundo cha mkono. Mpaka sasa sijui kama pale nilipoanguka ni njia ya jiji au ni eneo la maduka, kwa sababu vyote viwili vimeungana. Marafiki zangu wameniambia nitulie, mkono upone kwanza, kwa kuwa sheria inanipa miaka miwili ya kudai. Wamesema kweli? – Fundi aliyeumia, Mississauga

Ndugu yetu, tafadhali usitulie hata siku moja zaidi. Marafiki zako wamekuambia nusu ya habari, na nusu waliyoiacha ndiyo inayowapotezea watu haki zao kila msimu wa baridi. Miaka miwili ni muda wa kufungua shauri mahakamani. Kabla ya hapo kuna muda mwingine, mfupi sana, wa kumpa mhusika notisi ya maandishi kwamba umeumia katika eneo lake.

Kama ulianguka kwenye njia ya umma inayomilikiwa na jiji, Sheria ya Manispaa ya mwaka 2001 inakutaka umpe karani wa jiji notisi ndani ya siku 10. Toronto ina sheria yake ya mwaka 2006, lakini siku ni zilezile 10. Kama ulianguka kwenye eneo la mtu binafsi au kampuni, muda ni siku 60, kwa mujibu wa marekebisho ya Sheria ya Dhima (yaani wajibu wa kisheria) ya Wakaliaji wa Majengo yaliyoanza kutumika tarehe 29 Januari 2021. Notisi hiyo ya siku 60 hukabidhiwa mkononi au hutumwa kwa barua ya rejista, na inaweza kupelekwa kwa mwenye kulimiliki au kulisimamia eneo, au kwa mkandarasi aliyeajiriwa kuondoa theluji. Huna haja ya kujua wahusika wote ni akina nani, kwa sababu anayeipokea analazimika kuwafikishia wenzake wanaohusika.

Kwako wewe, basi, siku 10 za jiji zimekwisha pita, na siku 60 za maduka bado zipo. Andika barua mbili leo hii, kwa kuwa hujui ulikuwa upande gani wa mpaka. Katika kila moja eleza tarehe, saa, mahali hasa ulipoanguka, hali ya barafu ilivyokuwa, na jeraha ulilopata; kisha itie sahihi na ubaki na nakala. Barua ya jiji imechelewa, lakini sheria inamruhusu jaji kuisamehe iwapo kuna sababu ya msingi ya kuchelewa na iwapo jiji halikuathirika katika kujitetea. Maumivu makali, upasuaji au dawa zilizokulaza ni mambo ya kuyaeleza. Kutoijua sheria peke yake ni sababu dhaifu. Kila siku unayoongeza sasa inazidi kuudhoofisha upande wako.

Jambo jingine unalopaswa kulielewa kabla hujajaa matumaini ni kwamba jiji halilipi fidia ya mtu aliyeteleza kwenye theluji au barafu ya njia ya waenda kwa miguu mpaka ithibitike kwamba lilifanya uzembe uliokithiri. Uzembe wa kawaida hautoshi. Mahakama hutazama jiji lilijua nini na lini, lilituma watu au mashine baada ya muda gani, na mahali penyewe panapitiwa na watu wengi kiasi gani. Kanuni za jimbo za viwango vya chini vya matunzo, zilizoongezewa vifungu vya njia za waenda kwa miguu mwaka 2018, hulikinga jiji zaidi likipunguza theluji hadi sentimita 8 au chini yake ndani ya saa 48. Kwa mtu aliyezoea kuona mashine za theluji zikipita alfajiri, saa 48 ni muda mrefu, na kwa maoni yetu ni mrefu mno kwa njia wanazopita wazee na wanafunzi, lakini ndivyo kanuni ilivyo. Mwenye maduka hana kinga ya namna hiyo: yeye anatakiwa kuchukua uangalifu unaostahili kwa kadiri ya mazingira, na kwa hiyo ikithibitika kwamba ulianguka upande wake, dai lako lina nguvu zaidi.

Rudi mahali pale, au umtume mtu, mpige picha zinazoonyesha sehemu yenyewe pamoja na alama zisizohama kama mlango, nguzo au namba ya jengo. Weka viatu ulivyovaa siku ile bila kuviosha wala kuvitumia, kwa kuwa upande wa pili utauliza habari za soli. Omba hospitali kumbukumbu zako. Na kama siku ile ulikuwa kazini, wasiliana na wakili kabla ya hatua nyingine yoyote, kwa sababu inayoelezwa katika jibu linalofuata.

Swali: Mhariri, ninahudumia wazee majumbani kwao hapa Hamilton. Nilianguka kwenye ngazi za mteja zilizokuwa na barafu, mgongo ukaumia. Msimamizi wangu ananiambia nimdai mteja. Mteja mwenyewe ni bibi wa miaka 88, na moyo wangu hautaki. – Mhudumu, Hamilton

Dada, moyo wako umekuongoza vyema. Mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini, mwajiri wake akiwa chini ya bima ya lazima ya Bodi ya Usalama na Bima ya Kazini ya Ontario, hudai kwenye bodi hiyo matibabu na sehemu ya mshahara anaoukosa, bila kulazimika kuthibitisha kosa la mtu yeyote. Nyumba ya mteja uliyotumwa kuhudumia ni mahali pako pa kazi kwa saa ile. Mwajiri anayejua kwamba umeumia hadi ukahitaji matibabu ya daktari au ukakosa kazi anapaswa kuiarifu bodi ndani ya siku 3 za kazi, na wewe mwenyewe una miezi 6 ya kuwasilisha dai, jambo unaloweza kulifanya hata kama mwajiri amekaa kimya. Mwambie daktari aliyekutibu kwamba uliumia kazini, ili naye apeleke taarifa yake. Usikubali kuandika kwamba uliumia nyumbani kwako. Habari ya kumdai mwenye eneo huamuliwa kwa kanuni za bodi hiyo, na kuchagua njia moja kunaweza kukufungia nyingine. Pata ushauri wa wakili kabla ya kutia sahihi.

Swali: Mheshimiwa Mhariri, nina umri wa miaka 74 na nimemiliki nyumba yangu Kitchener kwa muda mrefu. Jiji linanitaka nisafishe njia ya umma iliyo mbele ya uwanja wangu. Sinung'uniki, maana sisi kwetu tulilelewa kufagia hata mbele ya jirani. Lakini ninauliza: ardhi si yangu, mtu akianguka hapo, nitapelekwa mahakamani? – Mzee, Kitchener

Shikamoo mzee wetu. Swali lako lina sehemu mbili ambazo watu wengi huzichanganya, nazo ni adhabu ya jiji na fidia ya aliyeumia.

Kuhusu adhabu, jiji lina mamlaka ya kukutaka uisafishe njia hiyo. Kitchener inampa mwenye nyumba saa 24 baada ya theluji kuacha kuanguka. Asipofanya, jiji linaweza kuisafisha na kumtumia yeye gharama. Miji mingine ina taratibu tofauti: Ottawa hujisafishia njia zake yenyewe, na Toronto, tangu msimu wa 2021 hadi 2022, imepanua huduma yake karibu jiji zima, ila katika sehemu ambazo mashine haziwezi kupita mwenye nyumba ana saa 12.

Kuhusu fidia, Mahakama ya Rufani ya Ontario ilitoa mwongozo mwaka 2000, katika shauri lililohusu Mkoa wa York: sheria ndogo ya jiji inayomtaka mwenye nyumba asafishe njia ya umma haimhamishii mwenye nyumba wajibu ambao jiji linao kwa wapita njia. Njia ni ya jiji na dhima hubaki kwa jiji. Hata hivyo, kuna hali mbili ambapo mwenye nyumba anaweza kuwajibika. Moja ni pale anapoishika sehemu ya njia na kuitumia kana kwamba ni yake, kama wafanyavyo baadhi ya wenye biashara wanaoweka meza na bidhaa nje. Nyingine, ambayo ndiyo inayokugusa wewe, ni pale hatari inapotoka ndani ya uwanja wake na kumwagikia nje.

Nenda ukatazame bomba linaloshusha maji ya paa lako yanamwagikia wapi. Katika majira haya, theluji ya paani huyeyuka mchana jua likipiga, maji yakashuka kwa bomba, yakatambaa hadi kwenye njia, na usiku joto likishuka chini ya nyuzi sifuri yakaganda kuwa utando mwembamba usioonekana, kwa kuwa lami au saruji iliyo chini yake huonekana kama imelowa tu. Mpita njia anayeangukia hapo anaweza kusema kwa haki kwamba barafu ile imetoka kwako. Geuza mdomo wa bomba uelekee kwenye bustani, au uliongezee kipande cha kulisogeza mbali na njia. Usirundike theluji mahali ambapo itayeyukia njiani, wala usiisukumie barabarani, kwa kuwa sheria ya barabara ya jimbo inakataza kutupa theluji barabarani bila kibali.

Kijia cha kutoka njiani hadi mlangoni kwako, pamoja na ngazi zako, ni eneo lako kabisa, na hapo unawajibika kwa mtoa barua, kwa mgeni na kwa mjukuu. Hakikisha bima yako ya nyumba ina sehemu ya dhima kwa watu wengine. Ukimwajiri mtu wa kuondoa theluji, mwombe akuonyeshe hati yake ya bima, na mwandikiane.

Mzee wetu, turuhusu tuseme na hili kwa mapenzi: theluji iliyolowa ni nzito, na kuinyanyua kwa koleo asubuhi ya baridi kali ni kazi inayoushtua moyo. Utafiti uliofanywa Quebec na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wanaume hulazwa na kufariki kwa mshtuko wa moyo zaidi katika siku zinazofuata theluji nyingi. Uliza jiji lako kama lina mpango wa kuwasaidia wazee, na usione haya kumwita kijana wa jumuiya yetu.

Swali: Kila baridi ikizidi, chumvi ninayomwaga haifanyi chochote. Jirani ananiambia niongeze, na mwingine anasema ninaua mto. – Msomaji, Brampton

Jirani wa pili ana hoja. Chumvi ya mawe ya kawaida hupoteza nguvu kadiri baridi inavyozidi, na ikishuka chini ya nyuzi 10 za ubaridi chini ya sifuri haisaidii sana. Ukiongeza, unaongeza punje zilizolala juu ya barafu. Siku kama hizo tumia mchanga au changarawe laini ili mguu upate kushika, au kloridi ya kalsiamu, ambayo hufanya kazi katika baridi kali zaidi lakini bei yake ni kubwa. Ondoa theluji kwanza hadi uifikie saruji, ndipo unyunyize kidogo, punje zikiachana. Usimwage kamwe maji ya moto, kwa kuwa yataganda na kukuachia barafu yenye utelezi kuliko ile ya kwanza.

Kuhusu mto, tathmini ya serikali ya Kanada ya mwaka 2001 iliamua kwamba chumvi za barabarani ni sumu kwa mazingira kwa maana ya kisheria, kwa kuwa kloridi huingia katika vijito na maji ya ardhini na haitoweki, ikadhuru samaki na viumbe wadogo. Kwa hiyo siku njia inapokauka, zoa kwa ufagio punje zilizobaki, uzirudishe ndooni na uzitumie tena barafu ijayo.